Kasese: Weupe wa Chumvi na Weupe wa Theluji

Barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese huvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, huendelea katika nyika ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na karibu na Kikorongo hukutana na mstari wa ikweta. Mahali hapo zimesimamishwa duara za saruji zilizopakwa rangi nyeupe, ili mpita njia aweze kuweka mguu mmoja kusini ya dunia na mwingine kaskazini. Ni wachache wapitao bila kushuka garini. Watoto huparamia duara, mama hujitengeneza kitambaa, baba hurekebisha kofia, na picha hupigwa. Wengi hufika hapo kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, yaani saa ambazo jua la ikweta liko juu ya utosi na halimwonei mpiga picha huruma.

Jua la namna hiyo huigawa dunia sehemu mbili. Kila kilicho cheupe hung'aa mpaka macho yakafumba, na kila kilicho chini ya ukingo wa kofia huwa giza. Jicho la binadamu halipati shida, kwa maana mboni hujifungua na kujibana yenyewe kila litazamapo huku na kule, na akili huyaunganisha yote yakawa kitu kimoja. Kamera ya kawaida haina uwezo huo. Hufunguka mara moja, kwa kiasi kimoja cha mwanga, na kiasi hicho ama kitautosha uso ama kitaitosha duara nyeupe. Kuvitosha vyote viwili ni bahati. Palipozidi mwanga, picha hubaki nyeupe tupu bila alama yoyote. Wapiga picha wa mitaani husema kwamba picha "imeungua", na neno hilo ni sahihi kuliko mengi yaliyomo vitabuni, kwa sababu kilichoungua hakirudi.

Askari mmoja wa usalama barabarani, aliyekuwa njiani pamoja na mkewe na watoto wawili kwenda kituo chake kipya, alishuka hapo saa saba kasorobo akiwa ndani ya sare. Sare ya askari hao nchini Uganda, kama ijulikanavyo, ni nyeupe. Alikuwa amepandishwa cheo siku za karibuni, na picha hiyo ilikusudiwa kwenda Arua kwa mama yake mzazi. Mkewe aliishika simu, akagusa uso wa mumewe kwenye kioo ili uonekane vizuri, akapiga. Uso ulionekana, kweli. Lakini sare ilikuwa imegeuka shuka moja lisilo na mfuko, kifungo wala tepe, na duara ya ikweta nyuma yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu kimoja na mawingu. Mpiga picha wa mahali hapo, kijana mwenye kamera begani na kofia ya ukili kichwani, aliomba kuitazama.

"Afande, ukiituma hii nyumbani, mama ataona shuka. Cheo hatakiona."

"Si mtaipunguza mwanga kwenye kompyuta?" aliuliza yule askari.

"Kilichoungua hakipungui, Afande. Kinakuwa kijivu tu, kama majivu. Tupige upya."

Alimwambia askari anyanyue ukingo wa kofia kidogo, akamsogeza mama na watoto karibu naye, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha alifanya mambo mawili yaliyowashangaza. Kwanza, alizungusha kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, akapunguza mwanga wa picha nzima, ingawa nyuso zilikuwa tayari zina kivuli. Pili, aliwasha flashi. Askari alicheka na kuuliza iwapo flashi nayo ina kazi mchana kweupe. Kijana hakujibu, akapiga, akawaonyesha kioo cha kamera. Mikunjo ya shati ilihesabika, tepe zilisomeka, na macho chini ya kofia yalikuwa na uhai. Flashi ndogo haiwezi kushindana na jua juu ya shati, lakini huingia kwenye kivuli cha kofia, mahali ambapo jua halifiki. Hiyo ndiyo kazi yake mchana, na kwa nchi yenye jua la utosini ni kazi kubwa kuliko ile ya usiku.

Ukingo mmoja wa duara ulikuwa bado unamweta kwenye kioo, mweusi na mweupe kwa zamu, kuonyesha kwamba hapo pameungua. Kamera nyingi hutoa onyo hilo iwapo mwenyewe ameiamuru, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi hununua kamera ghali wakaitumia miaka mitano bila kuliwasha. Kijana aliutazama ule ukingo, akauacha. Si kila cheupe kinachostahili kuokolewa. Mmeto wa jua juu ya kioo cha gari au kwenye beji iliyopigwa brasso utaungua daima, na picha isiyo na mmeto hata mmoja huonekana imepooza. Linalotakiwa ni kuamua mapema weupe upi una habari ndani yake.

Vidimbwi vya Katwe

Sababu ya majibu ya yule kijana huonekana waziwazi mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, katika mji wa Katwe. Ziwa Katwe limo ndani ya kreta ya volkano ya kale, wala halina mto uyatoao maji yake. Chemchemi na mvua huingiza maji, jua huyanyonya, chumvi hubaki. Utajiri huu ulijulikana zamani sana. Mwishoni mwa karne ya 19 Bunyoro na Toro ziligombea ziwa hili, na Stanley alipita hapa mwaka 1889. Katika zama za karibu zaidi kilijengwa kiwanda kikubwa kando yake, nacho kikaachwa baada ya mabomba kuliwa na chumvi ile ile iliyokileta. Kilichodumu ni vidimbwi vya watu, mamia kwa mamia, vilivyokingwa kwa tope na miti, ambamo wanaume na wanawake husimama ndani ya maji makali wakivuna. Miezi mizuri ni ile ya ukame, kuanzia Januari hadi Machi na kuanzia Julai hadi Septemba.

Mwenye kidimbwi hujua kiasi cha maji kwa kutazama alama kwenye ukingo. Yakiwa machache, alama husomeka. Yakikaribia kujaa, nayo husomeka. Lakini mvua kubwa ikinyesha na maji yakafurika, hakuna awezaye kusema kama lililomwagika ni debe moja au madebe mia. Ndani ya kamera ya siku hizi mna mamilioni ya vidimbwi vidogo vya namna hiyo, na kila kimoja hupokea mwanga badala ya maji. Katika picha ya kawaida ya simu, kidimbwi kitupu huandikwa 0 na kilichojaa huandikwa 255. Shati jeupe lililopigwa vizuri huwa na 190 hapa, 225 pale na 240 kule, na tofauti hizo ndizo mikunjo yake. Likiungua, kila mahali ni 255. Kompyuta inaweza kuiteremsha 255 ikawa 200, lakini huiteremsha sawasawa kila mahali, na mikunjo haizaliwi upya. Ndiyo majivu aliyoyataja yule kijana.

Giza halina tabia hiyo. Chini ya kidimbwi kinachoonekana kitupu aghalabu mna maji kidogo, na maji hayo yanaweza kuzidishwa baadaye. Uso uliopigwa ukawa mweusi mno hung'arishwa kwenye kompyuta ukatambulikana, ingawa utakuwa na chenga chenga. Hivyo kwa kamera za leo ni afadhali kupunguza mwanga kidogo kuliko kuuzidisha. Kamera kubwa, na baadhi ya simu, zinaweza pia kuhifadhi faili ghafi, yaani hesabu kamili ya vidimbwi kabla kamera haijaipunguza. Faili hiyo huwa na akiba kidogo ya weupe ambayo picha ya kawaida haina. Lakini ni akiba tu, wala si ghala.

Hapa ndipo wazee waliojifunza kazi hii kwa filamu hukosea, nao hawakosei kwa ujinga bali kwa uzoefu. Filamu ya negativu ilikuwa na tabia ya kinyume. Mwanga ulipozidi, filamu ilikuwa nzito na nyeusi zaidi, lakini habari ilikuwemo bado, na fundi wa chumba cha giza aliweza kuitoa kwa kuiongezea mwanga sehemu hiyo peke yake wakati wa kuchapa, akitumia kadi yenye tundu au viganja vyake. Palipokosa mwanga, filamu ilibaki kioo kitupu na hakuna fundi aliyeweza kuchapa kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo mafunzo ya siku zile yalikuwa kupima kivuli kwanza na kuuacha weupe ujitegemee. Mtu akichukua mafunzo hayo akayatumia kwenye simu yake, ataunguza kila harusi ya ukoo wake, kwa kuwa bibi harusi huvaa nyeupe na bwana harusi huvaa suti nyeusi. Waliozoea filamu ya slaidi ndio walioingia zama hizi bila taabu, maana slaidi nayo iliunguza weupe upesi na kuwafundisha adabu.

Katwe kuna fundisho jingine ambalo ni gumu zaidi, na halina budi kukaliwa kidogo. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachotazamwa. Kimetengenezwa kuamini kwamba dunia, ikichanganywa yote pamoja, ni ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye lundo la chumvi lililojaza picha nzima, hudhani kuna mwanga kupita kiasi, hujibana, na chumvi hutoka ya kijivu kama saruji. Mpiga picha asiyejua hulaumu kamera, huongeza mwanga, na kwa muda hufanikiwa. Kisha humgeukia mchimbaji aliyesimama ndani ya kidimbwi, mtu mweusi mwenye shati jeusi lililolowa, na mgongoni kwake ukingo wa kreta wenye kivuli. Sasa kipimamwanga hudhani kuna giza, hujifungua, na lile lundo dogo la chumvi lililo pembeni huungua lote. Makosa hayo mawili ni kinyume kabisa, nayo hutokea ndani ya dakika moja, mahali pamoja, chini ya jua lile lile ambalo halikubadilika hata kidogo.

Kwa sababu hiyo wapiga picha wa zamani walilipima jua lenyewe kuliko kupima vitu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: jua likiwa wazi, tundu la lenzi liwekwe kwenye namba 16, na kasi iwe sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya filamu, filamu ya 100, basi sehemu ya 100 au 125 ya sekunde. Penye mchanga mweupe au theluji, tundu lifungwe mpaka 22. Kanuni hiyo haijafutwa. Mwenye kamera inayokubali kuamriwa kwa mkono anaweza kuijaribu Katwe mchana mmoja, na atashangaa jinsi picha zake zitakavyofanana kwa mwanga, awe ametazama chumvi, watu au maji. Mwenye simu naye ana njia: aguse sehemu nyeupe yenye habari badala ya kugusa uso, kisha auangalie uso, na ukiwa na giza mno apandishe kwa kidole kidogo kidogo, akiacha kabla weupe haujaanza kupotea. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, moja ya giza na nyingine ya mwanga, zikaziunganisha zenyewe. Hiyo ni msaada mkubwa kwa mandhari yaliyotulia. Mtu anayetembea au mtoto anayecheza, hata hivyo, anaweza kutoka na kivuli cha pili begani.

Chumvi yenyewe humlipa mvumilivu. Mwanamke aliyeinama juu ya lundo, kitambaa kikiwa kimemkinga paji la uso, hupokea mwanga kutoka chini, kwa kuwa weupe wa chumvi huurudisha mwanga wa jua hadi usoni kwake. Hapo flashi haihitajiki. Wapiga picha wa mijini hununua vitambaa vya fedha na kuwalipa vijana wavishike ili kupata kile ambacho Katwe hutoa bure. Jua likishuka, kuanzia saa kumi jioni, maji ya ziwa huchukua rangi ya waridi, kingo za vidimbwi hutupa vivuli virefu, na tofauti kati ya cheupe na cheusi hupungua yenyewe. Ni kweli kwamba ziwa lenye maji linaweza kumulika kama kioo saa hizo. Mwenye kichujio cha kuondoa mmeto hukizungusha mbele ya lenzi mpaka mmulikio upungue. Na kabla ya yote hayo huombwa ruhusa. Watu wale wamo kazini, ndani ya maji yanayochoma ngozi, na picha ya mtu aliyeibiwa sura yake huwa na uchungu usoni hata kama mwanga ni mzuri.

Askari wa upelelezi atakuwa amekwisha kuona kwamba mambo haya hayahusu mapambo peke yake. Gari jeupe lililogonga mtu saa saba mchana, likapigwa picha na mtu aliyetaka tairi jeusi lionekane, huenda likafika mahakamani bila mkwaruzo ubavuni na bila namba kwenye kibao. Dawa ni kupiga mara mbili, moja kwa ajili ya cheusi na moja kwa ajili ya cheupe, na kusimama upande ambao kibao hakimuliki. Dakika moja ya ziada barabarani ni nafuu kuliko ushahidi uliopotea.

Mlima uliodhaniwa wa chumvi

Asubuhi ikiwa safi, mtu aliye Katwe hugeuka kaskazini akaona juu ya mawingu kitu cheupe ambacho hakifanani na wingu. Historia ya kitu hicho na ya chumvi zimeshikana. Tarehe 24 Mei 1888 Stanley alikuwa akitembea karibu na ziwa Albert, aliposhtuliwa na kijana wa msafara wake aliyemwonyesha mlima uliosemekana umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani anaona wingu la rangi ya fedha, kisha akatambua kwamba ni theluji, karibu kabisa na ikweta. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, hawakuwa na haja ya kuambiwa. Kwao theluji ni nzururu, na juu yake ni makao ya Kithasamba.

Kilele cha Margherita katika mlima Stanley kina urefu wa mita 5,109, na barani Afrika hushindwa na Kilimanjaro na mlima Kenya peke yake. Mpaka wa Uganda na Kongo hupita hapo juu. Njia ya kale huanzia Nyakalengija, hufika Nyabitaba msituni, huenda mpaka kibanda cha John Matte, huvuka matope ya Bigo, hupita ziwa Bujuku, ikapanda Elena kwenye mita 4,541, mahali ambapo miti imekoma na mawe meusi yamegusana na barafu. Tangu mwaka 1991 eneo hilo ni hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwaka 1906 mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alitua Mombasa, akasafiri kwa reli hadi Kisumu, kwa meli hadi Entebbe, na kwa miguu hadi Fort Portal na mlimani. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya Margherita. Katika msafara wake alikuwamo Vittorio Sella wa Biella, aliyezaliwa mwaka 1859, ambaye baba yake aliandika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiitaliano kuhusu upigaji picha. Kambi yao kuu ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba unaoning'inia, na wapagazi wa Kikonzo walipanda na mizigo kwa miguu mitupu penye matope na baridi. Miongoni mwa mizigo hiyo yalikuwamo mabamba ya kioo ya Sella.

Inafaa kuyafikiria mazingira ya kazi yake. Hakuwa na kioo cha kumwonyesha picha aliyokwisha kupiga, wala onyo limwetalo. Mabamba ya zama zile yaliuona mwanga wa bluu upesi kuliko rangi nyingine, hata mbingu na theluji zilikuwa hatarini kuungua kabla mwamba mweusi haujaacha alama. Mbele yake ulikuwapo mlima wenye mawe meusi kama makaa na barafu nyeupe kama shuka, na ukungu ulioufunika sehemu kubwa ya siku. Kila bamba lililoharibika lilikuwa limebebwa na mgongo wa mtu kutoka bondeni. Hata hivyo, katika picha zilizochapishwa mwaka 1908 na zilizohifadhiwa hadi leo katika taasisi ya ukoo wake huko Biella, barafu ina nyufa, ina mawimbi, ina mpaka ambapo huisha na mwamba kuanza. Weupe wake una habari ndani yake.

Habari hiyo ilikuja kuwa na thamani ambayo Sella hakuitarajia. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Rwenzori, nayo ni Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na eneo lake lote limekadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5. Watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria kilomita za mraba 2 mwaka 1987, na chini kidogo ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imesalia juu ya milima mitatu tu, na haikuacha kupungua. Wapandaji waliosimama na kamera mahali alipoweka Sella miguu mitatu ya kamera yake wameona mawe matupu penye mito ya barafu. Kulinganisha huko kumewezekana kwa sababu mpaka wa barafu katika mabamba yake unasomeka. Angaliunguza theluji, wasomi wangalikuwa na karatasi nyeupe, na hakuna mtu angaliweza kurudi mwaka 1906 kupiga upya.

Picha nyingi ziletwazo siku hizi kutoka mlimani ni karatasi nyeupe za namna hiyo. Mpandaji hufika juu amechoka, hewa ni haba, vidole vimekufa ganzi. Hujisimamisha mbele ya barafu akiwa na koti jeusi na miwani myeusi, mwenzake hugusa uso wake kwenye simu, na nyuma yake huzaliwa weupe mtupu. Mwenye picha ameridhika, maana anajulikana kuwa ni yeye. Lakini hakuna awezaye kuonyesha barafu iliishia wapi siku hiyo, na huenda mwaka ufuatao isiwepo tena mahali pale. Wanajeshi na askari waliopewa nafasi ya kupanda, na ambao miili yao ina mazoezi kuliko watalii, wangeweza kuleta picha ya pili: moja ya uso, kwa ajili ya nyumbani, na nyingine iliyopimwa kwa ajili ya barafu, ikiwa na tarehe na jina la mahali nyuma yake.

Picha hiyo ya pili haina uchawi. Betri hulazwa ndani ya nguo karibu na kifua, kwa kuwa baridi huzimaliza nguvu. Onyo la kuungua huwashwa huko chini kabisa, Nyakalengija, vidole vingali na joto. Theluji ikiijaza picha nzima, kipimamwanga kitaifanya kijivu, kwa hiyo mwanga huongezwa hatua moja, pengine moja na nusu, mpaka onyo lianze kumweta pembezoni, kisha hurudishwa kidogo. Mwamba mweusi ukiijaza picha na theluji ikawa kipande tu, hufanywa kinyume, na mwanga hupunguzwa. Mwamba utatoka mweusi mno. Usihuzunikiwe, kwa maana utang'arishwa nyumbani. Na jua la ubavuni hushinda la utosini, kwa kuwa kila ufa wa barafu hutupa kivuli chake na kivuli hicho ndicho kiuchoracho.

Ndiyo sababu waongozaji huwaamsha watu Elena kungali giza, na maandamano ya taa huanza kupanda juu ya mawe yenye utelezi. Mwanga wa kwanza huigusa barafu baada ya saa kumi na mbili asubuhi, ukitokea upande wa Uganda, mlalo na wa rangi ya shaba. Kwa muda mfupi mabonde yote ya barafu husomeka kama mistari ya kiganja. Kisha jua hupanda, weupe huanza kujaa, ukungu hutambaa kutoka mabondeni, na kamera hurudishwa ndani ya koti.